Umeme wa Jua na Mizani ya Nyumba

Katika neema ambazo Mwenyezi Mungu Mtukufu amewaneemesha watu wa pwani hii na visiwa vyake, jua ni neema iliyo dhahiri mno hata imekuwa haitajwi. Mchana twakimbilia kivulini, na usiku ukiingia twalalamika kiza. Mwaka 1954 wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani walionyesha seli ya silikoni inayogeuza mwangaza wa jua kuwa umeme. Seli ile iligeuza sehemu 6 tu katika kila 100 za mwangaza ulioiangukia. Paneli zinazouzwa madukani leo hugeuza sehemu 20 na zaidi, na bei yake imeshuka hata mkulima wa karafuu na mvuvi wa dagaa wanaweza kuzifikiria.

Haja yenyewe haina shaka. Wakazi wa Unguja hawajasahau muda wa tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, ilipoharibika njia ya umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara, na kisiwa kizima kikakaa gizani kwa miezi mitatu. Na wako ndugu zetu wengi mashambani na katika visiwa vidogo ambao nguzo za umeme hazijawafikia hata leo.

Lakini si vigumu kuona, katika vijiji vyetu, nyumba iliyo na paneli juu ya bati na kibatari mezani. Ukiuliza utaambiwa, "Jua hili ni uongo, betri imekufa mwaka wa pili." Kwa hakika jua halikusema uongo. Mara nyingi aliyenunua hakupima, au alipimiwa na mtu ambaye faida yake ilikuwa kuuza. Fedha zilizopotea hapo huwa ni akiba ya miaka, pengine ni mahari ya binti au sehemu ya mirathi ya mjane. Makala haya yakusudia kumwonyesha mwenye nyumba namna ya kujipimia mwenyewe, kwa penseli na karatasi, kabla hajatoa hata shilingi moja.

WATI NA WATI-SAA

Kwanza yapasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Wati ni nguvu ambayo chombo huidai wakati kinapowaka. Wati-saa ni jumla ya umeme ambao chombo kimekula kwa muda wote kilipokuwa kikiwaka. Hupatikana kwa kuzidisha wati kwa saa.

Mfano wake ni birika la msikiti na bomba lake. Wati ni unene wa maji yatokayo bombani. Wati-saa ni maji yote yaliyokwisha kutoka. Bomba jembamba likiachwa wazi usiku kucha laweza kumaliza maji mengi kuliko bomba nene lililofunguliwa kitambo kidogo. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 12 hula wati-saa 60. Pasi ya wati 1,200 huzila hizo hizo kwa dakika 3. Na wale wanaonunua umeme wa serikali kwa uniti, wajue ya kuwa uniti moja ni wati-saa 1,000.

Kutokana na mfano huu msomaji ataona ya kuwa kila kitu kinachotoa joto ni adui wa umeme wa jua: pasi, birika la umeme, jiko la umeme na heta ya maji. Vitu hivyo viachiwe mkaa na gesi, au umeme wa serikali pale ulipo. Nyumba itakayotaka kuvibeba kwa jua itahitaji mtambo mara nyingi zaidi ya inavyohitaji kwa taa, redio na feni.

DHARURA, HAJA NA ANASA

Wanavyuoni wetu walikwisha kutupa mizani ya kupimia mahitaji kabla umeme haujajulikana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Al-Mustasfa, na baada yake Imamu Shatibi, aliyefariki mwaka 1388, katika Al-Muwafaqat, waliyagawa maslaha ya watu katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambayo ikikosekana maisha au dini ya mtu huharibika. Ya pili ni haja, ambayo ikikosekana mtu huishi lakini kwa taabu na dhiki. Ya tatu ni mapambo na ukamilifu, ambayo ni mazuri yakiwepo, na yakikosekana hayamdhuru mtu.

Chukua karatasi, uipige mistari, ukaiandike kila kitu cha nyumba yako katika daraja yake. Taa ya chumba anamolala mtoto mchanga ni wapi? Feni ya mzee mwenye maradhi ya pumu ni wapi? Televisheni ni wapi? Majibu hayafanani katika nyumba zote. Friji ya kupozea soda ni anasa. Friji ya mama anayeuza barafu na samaki, naye ndiye alishaye yatima kwa biashara hiyo, ni haja. Na friji katika nyumba ya mgonjwa wa kisukari, ambaye chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zatakiwa kuwekwa baina ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, hiyo ni dharura, na haifai kuondolewa katika karatasi kwa ajili ya kupunguza gharama. Afadhali iondolewe televisheni.

Karatasi hii isiandikwe na mwanamume peke yake. Yeye yumo dukani au shambani mchana kutwa. Ajuaye taa ya jikoni yawaka tangu saa ngapi, na nani huamka usiku, ni mama wa nyumba. Qurani Tukufu imetaja kushauriana baina ya mume na mke hata katika jambo la kumwachisha mtoto ziwa. Sembuse jambo litakalomeza akiba ya nyumba nzima. Wala mtu asidhani kuwa elimu hii imewazidi wanawake. Huko Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kimewafundisha wanawake wa vijijini, wengine hawakubahatika kusoma sana shuleni, kufunga na kutengeneza mitambo ya jua, wakarudi vijijini kwao kuwa mafundi wanaotegemewa.

HISABU YA NYUMBA MOJA

Natuchukue mfano wa nyumba ya shamba katika kisiwa cha Pemba, yenye vyumba vitatu, ukumbi, jiko na baraza. Wenyewe wamekaa pamoja, wakaandika hivi:

Taa 6 za LED za wati 7, kila moja saa 5 kwa wastani: wati-saa 210.
Taa ya baraza ya wati 5, usiku kucha saa 12: wati-saa 60.
Simu 4, kila moja wati-saa 15 kwa siku: wati-saa 60.
Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30.
Televisheni na king'amuzi chake, wati 55, saa 4: wati-saa 220.
Feni 2 za kawaida za wati 50, saa 8 kila moja: wati-saa 800.

Jumla ni wati-saa 1,380 kwa siku.

Itazame karatasi hiyo kwa makini. Taa zote, simu na redio kwa pamoja ni wati-saa 360 tu. Feni mbili peke yake zimezidi vitu vingine vyote vikikusanywa. Mwenye papara angekwenda kununua paneli za kuzibeba feni hizo. Mwenye busara huuliza kwanza kama zipo feni zinazokula kidogo. Nazo zipo: feni za injini isiyo na brashi, zinazokwenda kwa umeme wa betri moja kwa moja, hutumia kiasi cha wati 25 tu. Feni mbili za namna hiyo kwa saa 8 hula wati-saa 400 badala ya 800, na jumla ya nyumba hushuka kuwa 980.

Hapa ndipo fedha nyingi zinapookolewa, nayo ni sunna iliyo wazi. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, na udhu wake ulikuwa kamili. Apunguzaye matumizi kwanza, kisha akanunua mtambo wa kutosha, huwa amenunua mtambo mdogo bila ya kujinyima.

Jambo moja zaidi lisisahauliwe: mwezi wa Ramadhani. Nyumba za Waislamu mwezi huo hazilali kama miezi mingine. Jiko huwashwa taa wakati wa daku, na watu husali na kusoma usiku. Taa zile sita zikizidi saa 2 kila usiku, ni wati-saa 84 zaidi. Nyumba yetu hii imekubaliana kuwa televisheni katika Ramadhani itawashwa saa 2 badala ya 4, hapo zikapungua wati-saa 110. Basi hisabu imekaa sawa. Tuizungushe, tuseme nyumba hii yahitaji wati-saa 1,000 kila siku.

PANELI: HESABU KWA MASIKA

Paneli ya wati 200 haitoi wati 200 tangu alfajiri mpaka magharibi. Hutoa kiasi hicho jua linapokuwa kali na kuielekea sawasawa. Asubuhi, jioni na penye mawingu hutoa kidogo. Kwa hivyo mafundi hukusanya mwangaza wote wa siku na kuuhesabu kama kwamba ungekuwa jua kamili la adhuhuri kwa saa kadhaa. Katika Unguja na Pemba wastani wa mwaka ni kama saa 5 za jua kamili kwa siku. Katika miezi ya jua kali huzidi, na katika masika, Aprili na Mei, hushuka kuelekea 4.

Hapa ndipo wengi wanapoangamia. Muuzaji hupiga hisabu yake kwa siku nzuri ya Januari, na mnunuzi hufurahi kwa bei ndogo. Lakini nyumba haiishi Januari peke yake. Mwaka 2021 Ramadhani iliangukia Aprili na Mei, katikati ya masika, usiku wa taa nyingi ukakutana na mchana wa jua kidogo. Mtambo sharti upimwe kwa mwezi ulio mbaya kuliko yote. Utakaotosha masika utatosha kaskazi, wala kinyume chake si kweli. Basi sisi tuhesabu saa 4.

Tena umeme hupotea njiani. Paneli ikipata joto hupunguza nguvu, vumbi na chumvi ya bahari hupunguza, nyaya hupunguza, betri hairudishi yote iliyopewa, na inveta, yaani chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa serikali, nayo hula sehemu yake. Ukikusanya yote hayo, ni salama kuhesabu kwamba katika kila sehemu 10 zinazotoka juu ya paa, 7 tu ndizo zitakazofika chomboni.

Sasa hisabu ni nyepesi. Wati-saa 1,000 gawanya kwa 0.7, yapata 1,430. Gawanya kwa saa 4, yapata wati 357. Madukani hakuna kipimo hicho, basi chukua paneli mbili za wati 200, jumla wati 400. Kilichozidi si ubadhirifu. Ni tahadhari kwa siku za mawingu mazito.

Linganisha na hisabu ya muuzaji mwepesi wa maneno. Yeye atachukua wati-saa 1,000, agawe kwa saa 5 na nusu, bila ya kutoa kilichopotea njiani, apate wati 182, akuuzie paneli moja ya wati 200. Umelipa nusu, ukadhani umepata rakhisi. Lakini betri yako kila siku itatumiwa zaidi ya inavyolishwa, haitajaa kamwe, nayo betri isiyojaa ndiyo inayokufa mapema. Nyumba ile yenye paneli batini na kibatari mezani, mara nyingi ugonjwa wake ndio huu.

BETRI: GHALA YA NABII YUSUF (A.S.)

Msomaji aijuaye Surat Yusuf ameshaielewa betri. Nabii Yusuf (A.S.) aliwashauri watu wa Misri waweke nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame, na katika miaka ya neema wasile ila kidogo. Betri ni ghala hiyo. Mchana ni neema, usiku na mawingu ni ukame. Maswali ya mwenye ghala ni mawili: ukame utadumu siku ngapi, na katika ghala yaruhusiwa kutoa kiasi gani?

Kwa nyumba ya pwani, akiba ya siku 2 ni wastani mwema. Nyumba yetu basi yahitaji wati-saa 2,000. Kwa kuwa inveta hula sehemu moja katika kumi, gawanya kwa 0.9, yapata kama wati-saa 2,220.

Ama kiasi cha kutoa, yategemea aina ya betri. Betri za risasi na tindikali hazipendi kumalizwa. Ukizitoa zaidi ya nusu kila usiku umri wake hukatika. Kwa hivyo nunua maradufu ya unachohitaji, yaani wati-saa 4,440. Ukigawanya kwa volti 12 utapata saa-ampea 370, nazo ni betri mbili za 200. Betri za lithiamu na chuma fosfeti huvumilia kutolewa sehemu 9 katika 10, basi wati-saa 2,470 zatosha. Ukigawanya kwa volti 12.8 ni saa-ampea 193, betri moja ya 200. Bei ya lithiamu ni kubwa siku ya kununua, lakini ikitunzwa hudumu miaka kumi na zaidi, na ile ya risasi hata kwa mtunzaji mwema ni kama miaka mitatu hadi mitano. Asiangalie mtu bei ya leo tu. Agawanye kwa miaka.

Betri ya gari isitiwe katika kazi hii. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwashia injini, na vibati vyake vya ndani ni vyembamba. Ikifanyishwa kazi ya usiku kucha haitadumu.

Sasa turudi kwa yule mgonjwa wa kisukari. Friji ya kawaida, hata iliyo ndogo na nzuri, yaweza kula wati-saa 900 kwa siku. Yaani ni karibu sawa na nyumba yetu yote iliyotangulia. Lakini zipo friji ndogo za volti 12 zenye kuta nene, ambazo hula chini ya nusu ya hizo. Tukizihesabu 400, kwa kanuni ile ile tutahitaji wati 143 zaidi, yaani paneli moja zaidi ya wati 200, na ikiwa betri ni za risasi, betri ya tatu. Kwa nyumba isiyo na mgonjwa gharama hiyo yaweza kungojea mavuno yajayo. Kwa nyumba yenye mgonjwa, hiyo ndiyo ya kwanza kununuliwa, hata kama taa zitakuwa mbili tu.

INVETA, KIDHIBITI NA NYAYA

Inveta hupimwa kwa wati za vitu vitakavyowaka kwa pamoja, wala si kwa wati-saa. Katika nyumba yetu, taa zote, televisheni, feni, redio na simu vikiwashwa wakati mmoja ni kama wati 200. Inveta ya wati 500 yenye mawimbi safi yatosha. Ile ya wati 3,000 ambayo jirani amejivunia, nyumba hii haina haja nayo. Nayo hula umeme bure hata hakuna kilichowashwa. Lakini penye friji ya kawaida kumbuka kuwa injini yake wakati wa kuanza hudai nguvu mara kadhaa ya inavyodai ikishatembea, basi inveta yake isipungue wati 1,000.

Baina ya paneli na betri huwekwa kidhibiti, ambacho mafundi hukiita chaji kontrola, kuzuia betri isijazwe kupita kiasi. Paneli za wati 400 kwa betri ya volti 12 hutoa kama ampea 33. Ongeza robo kwa usalama, yapata 42. Basi nunua cha ampea 50. Nyaya baina ya betri na inveta ziwe nene na fupi, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Betri za risasi zisiwekwe chumbani wanamolala watu, kwa kuwa zikijazwa hutoa hewa inayoweza kushika moto. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu.

PANELI IELEKEZWE WAPI

Katika hili watu wa pwani yetu wamepewa wepesi wa ajabu. Sisi tulio kusini ya ikweta, paneli zetu zapasa kuelekea kaskazini, kwani katika miezi ya masika na kusi jua hupita upande huo. Na Maka nayo iko kaskazini yetu, karibu katika mstari mmoja wa longitudo na Pemba. Ndiyo sababu wazee wetu walikuwa wakiuita upande wa kaskazini "kibla". Basi fundi asiye na dira na aulize tu, watu wa nyumba hii wasali wakielekea wapi, na huko ndiko auelekeze uso wa paneli. Mwinamo uwe mdogo, nyuzi 10 mpaka 15, zatosha mvua kuteremka na vumbi.

Tazama pia kivuli. Mnazi au mfenesi unaofunika pembe moja tu ya paneli tangu saa tisa alasiri waweza kupunguza umeme wake kwa sehemu kubwa sana, kupita ukubwa wa kivuli chenyewe, kwani seli zimeungana kama watu waliopanga safu kupokezana ndoo. Mmoja akisita, safu yote husita. Acha pia nafasi ya shibiri moja baina ya paneli na bati ipite hewa ya kuipoza.

SOKONI

Ipo sura katika Qurani iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Maneno yake yahusu kibaba na ratili, na leo yamhusu vile vile anayebandika "wati 300" juu ya paneli ya wati 150. Mnunuzi anaweza kujilinda kwa futi ya fundi seremala. Paneli nzuri ya leo, kila mita moja ya mraba hutoa kama wati 200. Ukionyeshwa paneli ya nusu mita ya mraba ukaambiwa ni wati 300, umeshaujua ukweli wake. Kadhalika betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 200 huwa nzito, zaidi ya kilo 50. Ikinyanyuliwa na mtoto kwa mkono mmoja, ndani yake hamna kilichoandikwa nje. Omba risiti, na dhamana iliyoandikwa, na jina la atakayerudi mtambo ukiharibika.

Ama anayenunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na aipige hisabu yake kwa macho mawili: la dunia na la dini. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa iliyoko Jeddah iliamua mwaka 1990 kwamba yajuzu bei ya kulipa kwa mafungu kuwa kubwa kuliko ya taslimu, maadamu bei hiyo imejulikana na kukatwa wakati wa mapatano. Lakini kumwongezea mdaiwa kwa sababu amechelewa ni riba iliyoharamishwa. Basi soma karatasi kabla ya kutia saini, ukajumlishe malipo yote mpaka siku ya mwisho, na penye shaka umwendee mwanachuoni wa mtaa wako. Kwa ajili hiyo, asiyeweza kununua mtambo mzima na aanze na dharura, kwa paneli moja na betri yake, zilizopimwa sawa kwa taa na simu tu. Mtambo mdogo uliotimia hutumika miaka. Mkubwa ulionunuliwa nusu nusu hufa wote kwa pamoja.

Ndugu msomaji, muhtasari wa yote haya ni maneno machache. Andika mahitaji pamoja na watu wa nyumbani mwako. Yapange kwa dharura, haja na anasa. Punguza kwanza. Jumlisha wati-saa za siku, ugawe kwa 0.7, kisha kwa 4, upate paneli. Zidisha kwa siku 2, uongeze kinacholiwa na inveta, upate betri kwa kadiri ya aina yake. Hisabu hiyo haizidi nusu saa baina ya Magharibi na Isha, na yaweza kuokoa akiba ya miaka mitano.

Mwenyezi Mungu ameliumba jua kwa kipimo, na ametuamrisha tusipunguze katika mizani wala tusipindukie. Nasi tunamwomba atuwafikishe kutumia neema yake kwa adabu, na azitie nuru nyumba zetu kwa taa na kwa imani. Amin.